Fundi wa karabai anayelea kome wa bahari Musoma

Saa moja kasoro asubuhi, Hyasinta Magesa anaingia katika ukumbi wa chakula wa hoteli moja mjini Musoma akiwa peku. Kandambili zake ameziacha mlangoni. Anasema kandambili zinapiga kelele, na mwenye nyumba hapendi kelele.

Mwenye nyumba anayemsema hana masikio wala miguu. Anaishi ndani ya tangi la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto, lililowekwa kati ya kaunta na dirisha la jikoni. Hyasinta anapita akiambaa ukuta mpaka nyuma ya tangi na kubonyeza swichi. Taa ya tyubu inapepesa, inagoma, inapepesa tena, kisha inawaka. Mwanga wake ni wa samawati hafifu. Ya pili, iliyo nyeupe, bado haigusi.

"Kwanza aamke taratibu," ananong'ona. "Wewe ukiamshwaga na tochi ya macho unafurahi?"

Mwandishi anaonyeshwa kreti la soda upande wa jikoni na kuambiwa akae hapo, anyamaze, asisimame mbele ya kioo. Anatii. Ndani ya tangi, juu ya jiwe, limekaa gamba kubwa lenye mikunjo kama bati la nyumba, limejifunga kabisa. Pembeni yake kuna matumbawe machache ya rangi ya udongo, mengine mfano wa masikio ya uyoga.

Muda unapita. Jikoni chai inachemka. Halafu gamba linaachia ufa mdogo, na kupitia ufa huo nyama inaanza kutoka, taratibu sana, mpaka inafunika ukingo wote wa gamba kama kitambaa kilichozidi meza. Ni ya buluu, yenye madoa ya kijani na mistari ya zambarau. Hata aliyekuja kwa ajili ya kuandika tu anajikuta amesimamisha kalamu.

"Umemuona?" Hyasinta anauliza, na uso wake wote umecheka. "Sasa Jumamosi bosi anakuja. Akimkuta hivi, nimepona. Akimkuta amefunga, mimi na yeye wote basi."

Huyu ni kome wa bahari. Wakazi wa Mugango, alikozaliwa Hyasinta, wanawafahamu kome wa ziwani, wale wadogo weusi ambao mtu huwakanyaga akiteka maji. Huyu wa chumvi, mkubwa kama sahani ya pilau, alifika Musoma mwaka jana kwa lori, pamoja na matumbawe na mapipa ya plastiki yaliyojaa maji ya bahari ya Tanga.

Kilichomleta ni tamaa ya mtu mmoja. Nathanieli Keraryo, mmiliki wa hoteli, alikuwa mfuga ng'ombe, akawa mnunuzi wa dhahabu huko Buhemba, na mambo yalipofunguliwa na biashara kuwa ruksa akajenga hoteli. Aliwahi kulala katika hoteli kubwa ya Dar es Salaam akaona tangi la viumbe vya baharini mapokezi. Akaapa kwamba na Musoma litakuwepo.

"Watu walisema Keraryo amerukwa na akili," anasema Stanislausi, dereva wa lori ambaye hupeleka dagaa wa ziwani Tanga na kurudi na bidhaa za dukani. "Nimebeba mbao, nimebeba mbuzi, nimebeba harusi nzima. Lakini kubeba maji kuyaleta Musoma, mji uliokaa juu ya ziwa! Pale kizuizini Bunda askari alinichekaga mpaka akakaa chini."

Sasa tamaa imepungua. Kwenye korido ya hoteli kuna boksi refu lililosimama tangu mwezi uliopita. Ndani yake lipo friji la mlango wa kioo, la kuonyeshea bia za kopo kutoka nje ambazo sasa zimejaa mjini. Jenereta la hoteli ni dogo, na kwa mgao huu wa umeme haliwezi kulisha friji hilo na taa za tangi kwa pamoja. Keraryo ametamka kwamba Jumamosi ataamua. Kama kome amekufa, na yeye anaamini amekufa, tangi litatoka na friji litaingia.

Hyasinta ana miaka arobaini na mitatu, ni mjane, na mama yake anamlelea watoto wawili, Rafaeli na mdogo wake, huko Mugango. Mshahara wake, anaueleza mwenyewe bila kutaja tarakimu, unanunua gunia la mahindi na kubakiza sabuni. Lakini anapozungumzia Jumamosi, mshahara hautaji kwanza.

"Kulima sijakataa. Nikirudi Mugango jembe lipo, muhogo upo," anasema. "Ila mimi ni fundi wa taa. Ufundi wangu ulishakufa mara moja. Ukifa tena sidhani kama nitakuwa na moyo wa kuuzika."

Ufundi wenyewe aliufundishwa na baba yake, mzee Masatu, aliyekuwa akitengeneza karabai za wavuvi wa dagaa. Usiku usio na mwezi, mitumbwi hutoka na karabai, dagaa huufuata mwanga, na wavu hufanya kazi yake. Karabai ikigoma, familia inalala njaa. Kwa hiyo mtu anayeweza kuifufua karabai ni mtu wa maana, hata akiwa msichana wa darasa la saba mwenye vidole vyeusi kwa mafuta ya taa.

Ile miaka ya shida, mwanzoni mwa themanini, wakati sabuni, sukari na betri vilikuwa hadithi, kazi ya Hyasinta ilistawi. Hakukuwa na karabai mpya dukani, wala vipuri, wala kile kisoksi cheupe kinachowakia ndani. Wavuvi wa Mugango mpaka Suguti walimletea mbovu, naye akaziunga. Pampu ya hii akaipa ile. Vioo vilivyopasuka alivikata upya. Mara moja alitengeneza kipuri kwa kutumia jino la kitana cha shaba, na anasisitiza kwamba karabai hiyo iliwaka miaka.

"Watu wakikaa wanalaani ile miaka, mimi nanyamazaga," anasema, kisha anacheka kwa aibu kidogo. "Nitalaani vipi? Ndiyo ilinilisha. Nilikuwaga na foleni mlangoni kama hospitali!"

Kilichoua kazi hiyo ni neema. Mipaka ilipofunguliwa, karabai mpya za bei poa ziliingia kwa wingi kupitia Sirari. Ikiharibika, mvuvi anatupa, ananunua nyingine. Kibanda chake kilikaa kimya msimu mmoja, wa pili, akakifunga. Akaja Musoma kuuza vitumbua karibu na mwalo wa Mwigobero, mitumbwi inaposhusha samaki. Hapo ndipo Keraryo alipomkuta. Alikuwa akiulizia mtu anayejua mambo ya taa, na wavuvi wote wakaelekeza kidole kwenye karai la vitumbua.

Fundi kutoka Dar es Salaam alikuja kulifunga tangi, akakaa wiki, akamwelekeza. Jambo kubwa alilomwambia lilimshangaza: kome huyu na matumbawe haya hula mwanga.

"Nikamwambia, kaka, hebu acha utani. Akasema hapana mama, ndani ya nyama yao mna vijimea vidogo visivyoonekana. Vijimea vinakula mwanga, vinatoa utamu, na kome anakula ule utamu. Taa ikiwa mbaya, vijimea vinakufa, naye anakufa kwa njaa."

Maelezo mengine Hyasinta aliyasikia kwa sikio moja, na hafichi hilo. Alichokishika ni kwamba mwanga ni chakula. Na chakula, kwa mtu aliyelea watoto katika miaka ya foleni, hakizidi.

Fundi akaondoka. Mgao ukaanza. Umeme ukawa unakatika asubuhi na kurudi jioni, siku nyingine haurudi, na mishtuko yake ikaziunguza tyubu za fundi. Jenereta lilikuwa la muziki na taa za kaunta. Baada ya siku chache tu, Hyasinta akaona matumbawe yanarefuka, yanajinyoosha kuelekea juu kama vifaranga wanaodai kulishwa. Akajua ni njaa. Hapo alikuwa sahihi.

Dawa aliyoitafuta ndiyo ilikuwa balaa. Alikwenda Mugango kwa mdogo wake Pastory, mvuvi wa dagaa. Ilikuwa wakati wa mbalamwezi, na wakati huo wavuvi wa dagaa hawatoki, kwa kuwa dagaa hawaoni sababu ya kufuata karabai wakati ziwa zima linang'aa. Karabai za Pastory zilikuwa zimelala. Hyasinta akaazima mbili, akarudi nazo Musoma, akazining'iniza juu ya tangi, karibu kabisa na maji, akaziwasha kila jioni mpaka kunakucha. Alitaka wale usiku kile walichokikosa mchana.

"Sisi watu wa ziwa tunajuaga jambo moja," anaeleza. "Kiumbe cha majini kinapenda taa. Ukiongeza karabai, dagaa wanaongezeka. Sijawahi kuona dagaa aliyekataa taa."

Dagaa aliyeikubali taa naye, tukumbuke, huishia kwenye wavu. Lakini hayo Hyasinta hakuyafikiria wakati ule, na Pastory hakuyafikiria, na wavuvi wote waliopita hotelini kunywa chai walimsifu kwa kazi nzuri.

Matumbawe yakaanza kuwa meupe. Meupe kama chumvi. Hyasinta anasema alifurahi. Alidhani yametakata, kama shuka lililolowekwa vizuri. Alimwita Ghati, mpishi wa hoteli, aje aone.

"Aliniita kwa shangwe!" anadakia Ghati kutoka dirisha la jikoni, mwiko mkononi. "Njoo uone, Ghati, yamekuwa masafi! Na mimi mjinga mwenzake nikapiga vigelegele. Kumbe tunapigia vigelegele msiba."

Kesho yake maji yalinuka. Matumbawe mawili yaliyokaa juu kabisa yalikuwa yamekufa, yamebaki mawe. Kome alikuwa wazi, lakini wazi vibaya, amelegea, katikati ya nyama yake kuna doa jeupe. Ukipitisha mkono alichelewa kufunga. Karabai, kama yeyote aliyeikaribia anavyojua, ni jiko. Hyasinta alikuwa ameyachemsha maji.

Akakimbilia posta kupiga simu Dar es Salaam. Laini ilipopatikana akamweleza fundi habari ya karabai.

"Akaniambia, mama, umewapika. Umewapika na ukawanyima usingizi. Kule baharini nani anawasha jua usiku?" Hyasinta anaeleza. "Nililia palepale posta. Watu wanasubiri laini, mimi nalia na simu mkononi. Nilimpenda yule kome, jamani. Sikujua kama nampenda mpaka nilipoona nimemuua."

Hajamuua, fundi alimwambia, kama ataacha ujinga leo. Safari hii Hyasinta alisikiliza kwa masikio yote mawili. Usiku ni giza, giza kabisa. Globu za njano zisikaribie, zina joto na mwanga wake si wa majini. Achague tyubu mpya, moja nyeupe kama mchana na nyingine yenye ubuluu, kwa sababu maji ya bahari kadiri yanavyokwenda chini ndivyo yanavyoumeza wekundu wa jua na kubakiza buluu. Kome akae juu, karibu na taa. Yale ya masikio ya uyoga yakae chini, kwenye kivuli cha jiwe, maana mwanga unaomshibisha kome unayaunguza. Na mgonjwa asirudishiwe taa kwa mkupuo. Azoeshwe.

Alifikiria kulisogeza tangi dirishani, jua ni bure. Ghati alimwonyesha ndoo iliyoachwa dirishani, maji yake yalivyoota ukijani wa kuteleza na kuwa vuguvugu kabla ya saa sita. Wazo likafa.

Musoma mjini tyubu zilikuwepo, lakini zote za aina moja, zenye weupe wa njanonjano. Akapanda gari mpaka Bunda, kwenye duka la vifaa vya umeme la Getruda, ambaye bidhaa zake hutoka Mwanza na ng'ambo ya mpaka. Mwandishi alipofika dukani hapo, Getruda alikuwa bado anaikumbuka siku hiyo, na bado anaicheka.

"Anaingia mama, amebeba sahani nyeupe ya bati. Namwambia karibu dada, unataka tyubu gani? Ananijibu anataka inayofanana na anga la saa nne asubuhi, ukiwa chini ya maji. Nikamwambia dada yangu, hapa tunauza tyubu, anga hatujaletewa!"

Hyasinta hakucheka. Aliomba awashiwe kila aina iliyokuwapo, moja baada ya nyingine, akaweka sahani chini yake, na juu ya sahani akaweka kiganja chake. Ndivyo alivyokuwa akipima karabai tangu utotoni. Baba yake alimfundisha kwamba macho ya mtu hudanganywa na mwanga, lakini mtu rangi ya kiganja chake anaijua. Karabai nzuri ilifanya kiganja kionekane kimeiva vizuri.

"Sasa hapo ikabidi nigeuze," anasema. "Zile zilizonipendeza niliziweka kando. Nikachukua iliyofanya kiganja kiwe cha mgonjwa, kijivujivu, kama mtu aliyetolewa majini. Nikamwambia Getruda, hii. Akasema hiyo wateja wanairudishaga. Nikasema basi imempata mwenyewe."

Nyeupe aliichagua pia kwa kiganja, ile ambayo haikuongeza wekundu wala kupunguza. Alizifunga zote mbili kwa kitenge akazipakata mapajani mpaka Musoma, na kila gari liliporuka shimo alimsemesha dereva.

Kisha akaingia sasa kwenye ufundi wake mwenyewe. Badala ya kuzipigilia tyubu kwenye mfuniko, alizitundika kwa mnyororo mwembamba na ndoano za karabai za zamani, zile zinazotundikwa kwenye mti wa mtumbwi. Mwanzoni taa zilikaa juu sana, karibu na dari, mwanga ukiwafikia wagonjwa kwa mbali. Kila Jumapili akitoka misa, bado na gauni lake la kanisani, alipanda kiti na kushusha pete moja ya mnyororo. Pete moja tu. Wiki ambayo doa jeupe la kome halikupungua, hakushusha kitu.

"Huyo mama ana subira ya ajabu," anasema Ghati. "Mimi ningeshashusha mnyororo mzima nikamaliza. Yeye anaangalia, anasema bado, anashuka kwenye kiti."

Suala la umeme wa mchana alilimaliza kwa kubembeleza. Aliwaomba wahudumu wa kaunta muziki usubiri jioni, ili jenereta mchana liwashe tyubu. Walinuna, wakakubali. Usiku, taa za kaunta zikiwaka, hufunika tangi lote kwa blanketi zito la kijivu. Wateja wanaotaka kuonyeshwa kome usiku anawaambia warudi asubuhi. Wengine humtukana. Anawaitikia asante.

Miezi ikapita. Doa likapungua, likawa la kijivu, likawa la hudhurungi, halafu siku moja buluu ikaonekana pembezoni. Hyasinta anakiri kwamba alipiga magoti pale ukumbini na wateja wakiwa mezani.

Tatizo lililobaki lilikuwa moja, nalo lilikuwa na kofia pana na sauti nene.

Kome huyu, kivuli kikimpitia, hufunga. Ndiyo kinga yake. Wafanyakazi wa hoteli wamempa jina la Mama Mkwe. Kwa watu wengi wa Mara mwanamume hamvamii mama mkwe wake uso kwa uso. Akikutana naye njiani anapisha kando, na akienda kwake haingii mpaka akaribishwe, hakai karibu, hazungumzi kwa sauti. Wafanyakazi wamezoea. Wanapita pembeni, wanakaa kando, na Mama Mkwe anawafungulia.

Keraryo hana nafasi hiyo. Hutoka Buhemba mara moja moja, ana haraka, anaingia moja kwa moja mpaka kwenye tangi, anainama juu yake kama mtu anayekagua birika la kunyweshea ng'ombe, kofia na mabega yakiwa yameziba taa zote mbili. Anaona gamba lililofunga. Anasonya. Anaondoka. Tangu karabai zile, hajawahi kumwona kome akiwa wazi hata mara moja. Kwake yeye, anatoa dizeli kulisha jiwe.

Je, hakuna aliyemwambia?

"Bosi unamwambia nini?" Hyasinta anauliza. "Kwamba kaa chini, vua kofia, ndiye unayeharibu? Mimi muuza vitumbua?"

Jumamosi mwandishi anarudi. Saa nne, pikapu ya Keraryo inaingia uani ikiwa nyekundu kwa vumbi. Vijana wawili wa kubeba friji wameshakaa kwenye korido, wameshika kamba. Ghati hapiki, anajifanya anafuta dirisha ambalo ni safi. Hyasinta amesimama ukutani, mikono ameificha chini ya kitenge.

Keraryo anaingia, anasalimia kwa ujumla, anakwenda mpaka kwenye tangi na kuinama. Gamba, lililokuwa wazi sekunde ile, linafunga.

"Mama Rafaeli," anaita bila kugeuka. "Mimi na wewe tusidanganyane. Nakuja leo, kafunga. Nakuja kesho, kafunga. Mimi nimefuga, mnyama aliyekufa namjua. Hebu vijana..."

"Bosi, kaa."

Hyasinta amesema kwa sauti ndogo, lakini ukumbi mzima umesikia. Keraryo anageuka.

"Nikae?"

"Kaa pale kwenye kreti, Bosi. Na kofia uvue, samahani." Machozi yameanza kumlenga lakini haachi kuzungumza. "Huyu hajafa. Ila wewe unamvamiaga vibaya. Huyu ni kama mkwe, Bosi. Kwa mama mkwe wako unaingiaje? Unamwinamia utosini?"

Mfuniko wa sufuria unamponyoka Ghati jikoni. Vijana wa friji wanaangalia kamba zao. Keraryo, pande la mtu, anamtazama mwajiriwa wake. Kisha anavua kofia. Anatembea kando kando ya ukuta, anakaa kwenye kreti upande wa jikoni, kofia juu ya magoti, macho chini kidogo, kama walivyokaa baba zake walipokwenda ukweni.

Pikapu inapoa uani, injini inalia tik tik. Keraryo anakohoa, anazuia kikohozi cha pili. Mwandishi anaona ufa kwenye gamba kabla yake, na anajilazimisha asionyeshe kidole. Nyama inachungulia. Inasita. Inatoka, inajikunjua, inafunika ukingo wa gamba kutoka upande huu mpaka ule, buluu chini ya taa ya Bunda.

"Heee!" Keraryo anasema chini chini.

Anakaa. Chai anayoletewa inapoa. Baada ya muda mrefu anauliza, bado kwa sauti ya ukweni, "Yupo hivi siku zote?"

"Siku zote, Bosi."

"Isipokuwa mimi nikija."

"Isipokuwa wewe ukija."

"Kumbe nilikuwa nasimama kwenye mwanga wake, halafu nasema amekufa." Anatikisa kichwa. Anawageukia vijana wa kamba. "Hilo friji lipelekeni Bunda kwa mdogo wangu. Bia akauze yeye."

Ghati anapiga kigelegele, na safari hii ni cha haki. Kome anafunga kwa mshtuko. Hyasinta anamfokea Ghati na kulia na kucheka, vyote kwa pamoja.

Keraryo si mtu wa maneno mengi ya shukrani. Akiwa mlangoni anamwambia Hyasinta aseme anachotaka, ila asitaje kitu cha kumfilisi. Wote wanategemea ataomba nyongeza. Anaomba nafasi kwenye lori la Stanislausi, ambalo Jumatatu linakwenda Tanga na dagaa na kuchota maji mengine.

"Tanga? Unakwenda kufanya nini?"

"Kuangalia jua, Bosi."

Keraryo anamtazama mwandishi kama anayeomba msaada, kisha anasema sawa, aende, mradi mtu wa kubonyeza swichi awepo. Ghati anajitolea. Mchana kutwa Hyasinta amemfanyisha mazoezi: ya buluu kwanza, nyeupe baadaye, jioni nyeupe itangulie kuzimwa, blanketi lisiguse maji, na mnyororo asiuguse hata malaika akishuka kumwambia aushushe.

Hyasinta Magesa hajawahi kuiona bahari. Jambo hilo analisema jioni, akiwa anafunika tangi, kana kwamba ni kitu kidogo.

"Nafanyaga kazi ya kuiga jua la mahali ambapo sijafika," anasema. "Nimesikia kwa simu, nimepima kwa kiganja. Sasa nataka niingie majini mwenyewe, saa sita mchana, mpaka hapa," anaonyesha shingoni. "Nizame, nifumbue macho hata kama chumvi inawasha, niweke kiganja hivi. Nione rangi yake huko chini."

Mwandishi anamuuliza: na je, akifika huko, akazama, akakuta kwamba taa alizochagua kwa tabu yote ile hazifanani kabisa na mwanga wa bahari?

Hyasinta anamaliza kuchomeka ncha ya blanketi.

"Basi nitarudi nizibadilishe," anasema. "Kwani nimefunga nazo ndoa?"